Mzee Mwenye Kofia, Safu ya Nne

Upadirisho ni misa ambamo askofu humpa shemasi daraja ya upadre. Huko Burat, wadi ya kaunti ya Isiolo, misa hiyo haiishii kwa Wakatoliki. Kaunti ilihesabiwa watu 268,002 mwaka 2019, wengi wao Waislamu, na Burat ina Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali wanaochota maji ya mto mmoja. Kijana wa hapo akiupata upadre, mwaliko hufika kila boma, na jirani aliyerukwa kwa sababu ya dini ana haki ya kununa hadi mvua zijazo. Ndiyo maana kwenye upadirisho huwapo watu wa aina mbili: wanaojua kinachoendelea, na mzee mwenye kofia safu ya nne.

Matatizo ya mzee huanza kabla hajakaa. Misa huwa uwanjani, chini ya mahema, kwa kuwa kanisa haliwatoshi watu, na kuelekea altareni limetandikwa zulia. Mzee huona zulia, huvua viatu. Huvipanga vizuri, ncha zikitazama nje, kama Ijumaa. Muda si muda msichana wa kwaya humfuata na viatu mkononi, akivishika kwa vidole viwili, naye huvivaa tena mbele ya safu tatu za wajukuu wa watu.

Halafu kofia. Wanaume hawafuniki vichwa kanisani, na kijana wa ulinzi hulisema hilo kwa heshima zote. Mzee angekubali, ila wakati huohuo maandamano yanaingia, na mwishoni mwake anakuja askofu mwenye kofia mbili: mitra ndefu juu, na chini yake kikofia cha duara kisichopitana sana na cha mzee. Ukweli ni kwamba askofu huivua mitra kila anaposali, na hata kile kidogo hukitoa wakati wa sala kuu ya Ekaristi. Mzee huihesabu hiyo kuwa suluhu: naye atavaa na kuvua askofu anapovaa na kuvua. Kwa saa nne zinazofuata ana kazi.

Ibada yenyewe ina mpangilio. Baada ya Injili shemasi huitwa kwa jina, naye hujibu kwamba yupo. Askofu huuliza kama kijana anastahili; padre mlezi hushuhudia kwamba watu waliulizwa, na umati hupiga makofi na vigelegele. Mzee hupiga makofi kuliko wote, kwani kijana huyo aliwahi kumpotezea mbuzi wawili na bado amepita. Mahubiri ni marefu. Yasemwe hayo tu.

Baada ya mahubiri mteule hutia viganja vyake ndani ya viganja vya askofu na kuahidi utii, kisha hulala kifudifudi, mwili mzima, paji la uso chini. Mwislamu anaijua sijda, lakini sijda ina magoti na ina mwisho. Huyu amenyooka kama gogo na hainuki. Mzee hunong'ona “Innalillahi”, na jirani yake, mama wa Kimeru, humgusa mkono na kumwambia kijana ni mzima. Kinachoimbwa hapo ni Litania ya Watakatifu: jina hutajwa, watu huitikia “utuombee”. Isiolo jina la Eusebio halikosi, kwa kuwa kanisa kuu la mjini ni lake. Alikuwa askofu wa Vercelli, Italia, karne ya 4, na padre wa Vercelli, Luigi Locati, ndiye aliyekabidhiwa vikarieti ya Isiolo, yaani eneo la Kanisa ambalo bado si jimbo, ilipoundwa mwaka 1995. Ikawa jimbo kamili mwaka 2023. Mwitikio una mahadhi, na aliyekulia kwenye maulidi hawezi kuyaacha mahadhi yapite hivihivi. Kufikia mtakatifu wa kumi, mzee anaitikia kwa sauti ya pili.

Kiini cha upadirisho kinafuata, nacho huanza kimya. Askofu humwekea mteule mikono kichwani bila kutamka neno, na mapadre wote waliohudhuria hupita mmoja mmoja kufanya hivyohivyo. Watu elfu moja hawakohoi. Hata watoto hunyamaza. Adhuhuri ya Isiolo huingia karibu na saa sita unusu, na simu ya mzee, aliyowekewa programu na mjukuu, haijawahi kuchelewa. Adhana hulia kutoka mfuko wa kanzu, sauti juu kabisa. Mzee hubonyeza hiki, hubonyeza kile, huikalia. Inaendelea chini yake. Mapadre nao wanaendelea, mikono haitetereki, na simu inapomaliza, yule mama wa Kimeru anasema polepole, “Amina.”

Sala ya wakfu husomwa, padre mpya huvishwa stola na kasula, viganja vyake hupakwa mafuta ya krisma, kisha hukabidhiwa patena na kalisi. Hapo mzee hana kosa, isipokuwa kuvua kofia mapema.

Kosa liko kwenye komunyo. Hiyo ni ya Wakatoliki tu, na hakuna anayemtarajia mgeni. Lakini safu ikisimama yote, anayebaki kitini huzuia njia, kwa hiyo mzee husimama, na akishasimama mstari humbeba. Anagundua kilicho mbele watu watatu wakiwa wamebaki. Kwa hofu hufunga mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, kama anavyofunga kwenye swala. Kumbe kufunga mikono kifuani ndiyo ishara ya asiyekomunika anayeomba baraka tu. Padre humbariki bila kusita. Mzee hurudi kitini akiapa kutoingia tena mstari asioujua.

Nyama haimpi shaka. Ng'ombe wa sherehe kama hizi huchinjwa na Mwislamu ili kusiwe na sufuria mbili, na huyu mzee alimchinja mwenyewe alfajiri. Kwa hiyo misa inapokwisha, na watu kujipanga kutoka altareni hadi kwenye migunga, yeye hukaa pembeni kwanza na kumwita kijana wa ulinzi.

“Mstari huu ni wa nini?”

“Baraka ya kwanza ya padre mpya, mzee.”

“Na wa pilau uko wapi?”

“Ni huohuo, mzee. Unapitia kwake.”