Mchunguzwa Asijulikane Sana

Sheria ya Brady ya mwaka 1993 inamtaka muuza bunduki mwenye leseni nchini Marekani amchunguze mnunuzi kwanza. Tangu 1998 kazi hiyo hupitia mfumo wa FBI, na mara nyingi jibu huja ndani ya dakika chache. Likikawia kupita siku tatu za kazi, muuzaji ana ruhusa ya kuuza: serikali ikishindwa kumjua mtu, basi ni mwema. (Walio chini ya miaka 21 huweza kungojeshwa zaidi tangu 2022, wema wao huchelewa kukomaa.) Asiye na leseni akimuuzia mwenzake wa jimbo lake, sheria ya shirikisho haimdai uchunguzi wowote, ila kuaminiana.

Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 kuuawa shuleni Sandy Hook, pendekezo la maseneta Manchin, wa Democratic, na Toomey, wa Republican, la kupanua uchunguzi huo lilipata kura 54 katika Seneti dhidi ya 46. Wenye 46 wakashinda, kwani zilihitajika 60. Kambi moja ikalia kwa uchungu na kuomba michango ya kampeni. Nyingine ikasherehekea uhuru, nayo ikaomba michango. Nazo kumbukumbu za aliyeruhusiwa kununua, katika mfumo ule wa FBI, hufutwa ndani ya saa 24.