Mvinyo Katika Mji wa Bia

(Duka la fotokopi mjini Gisenyi, jirani na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Mchana.)

PRINTA: Mzee, nasikia wamekung'oa Windows.

LAPTOPU: Si Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025? Ile ya 11 ilinitazama umri, ikanikataa. Nimevishwa Linux, mwanangu, nimekuwa mwepesi!

PRINTA: Na programu ya hesabu ya bosi? Ile nje ya Windows haikanyagi.

LAPTOPU: Imo humu. Nimeipokea kwa Wine.

PRINTA: Mvinyo? Bralirwa wanapika bia papa hapa, wewe unaleta mvinyo!

LAPTOPU: Huyu ni mkalimani. Kaanza 1993, toleo la 1.0 likatoka 2008.

PRINTA: Miaka 15 kwa lugha moja? Mama wauza ndizi hapo mpakani hubadili Kinyarwanda kwa Kiswahili kabla beseni halijatua.

LAPTOPU: Hao wana wa kuwauliza. Wine hakupewa siri za ndani. Alikuwa akichungulia tu: Windows ikiulizwa hivi, hujibu nini? Nyamaza, kaamka.

PROGRAMU YA HESABU: Mwenyeji, hapa ni kwenye C?

LAPTOPU: C yenyewe, mgeni wangu.

PRINTA (kwa kunong'ona): C ipi?

LAPTOPU: Folda tu. Nimeificha ndani ya .wine, jina likianza na nukta halionekani. Ila asiuone mlango wa Z. Ule unafungukia nyumba nzima ya Linux.

PROGRAMU YA HESABU: Mbona herufi zimenenepa?

LAPTOPU: Hewa ya ziwani.

PROGRAMU YA HESABU: Haya. Nileteeni ufunguo wangu wa USB.

(Kimya.)

PRINTA: Kulikoni?

LAPTOPU: Ufunguo huo una draiva yake, nayo inataka kuingia hadi kwenye kerneli. Sebuleni naweza kumdanganya. Chumbani analala Linux mwenyewe.

PROGRAMU YA HESABU: Ufunguo haupo. Najifunga.

FLASHI: Hodi! Nimetoka kuzunguka maduka ya mji mzima. Kuna kifaili cha .exe humu, hata sijui kimepandia wapi.

LAPTOPU: Kijana, usiguse...

(Kijana wa dukani anabofya mara mbili.)

KIRUSI: Hapa ni kwenye C?

LAPTOPU: Na wewe una ufunguo?

KIRUSI: Mimi sijawahi kuhitaji, mzee. Na hii Z inaelekea wapi?