Kasha la Lita Saba

Makasha ya kompyuta yanapimwa kwa lita, na mtu asiyejua akitusikia anaweza kudhani tunazungumzia mafuta ya kula. Kasha la kawaida, lile linalosimama chini ya meza na kuumiza vidole vya miguu, hufika lita 40 na zaidi. Walevi wa makasha madogo wao hukosa usingizi wakisaka lita 10. Lile liitwalo DAN A4-SFX, alilobuni Mjerumani Daniel Hansen, lina lita 7.2 tu, na mashine nzima ya gemu inaenea ndani yake. Siku nilipoona picha yake, moyo ulihama nyumbani.

Sababu nilikuwa nayo. Jumamosi huwa tunakutana kwa rafiki yetu Mbezi, watu wazima wenye kazi na vitambi, kila mtu na kompyuta yake, tukicheza gemu mpaka alfajiri. Mimi natokea Mbagala, na gari sina.

"Baba Salma," mke wangu aliuliza alipoona bei, "hiyo ni pamoja na kompyuta?"

"Hapana, ni kasha tu."

"Tupu?"

"Tupu."

"Na hili kubwa?"

"Hilo ni rahisi zaidi."

Akarudi jikoni taratibu, ule utaratibu wa mtu anayekwenda kumpigia simu shangazi.

Kwenye kasha hilo la DAN, udogo ndio unaouzwa. Mazabodi sharti iwe Mini-ITX, mraba wa milimita 170, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Pawasaplai sharti iwe ya SFX, ndogo na ghali. Kipoza prosesa kisizidi kimo cha milimita 48. Halafu ndani ya A4, mazabodi na kadi ya grafiki vimepeana mgongo kama wake wenza, vikiwasiliana kwa utepe wa nyaya tu. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari, ugomvi hauko mbali.

Kilichoniua ni kadi. A4 inapokea kadi ya milimita 295. Yangu ina feni tatu na milimita 304. Niliipima kwa rula ya Salma, nikaazima futi ya fundi cherehani, nikaipima tena alfajiri kabla jua halijaivimbisha. 304. Kijana mmoja muuza vipuri alishauri tuikate kidogo "kule mwisho ambako hakuna kitu". Dukani kwake sipiti tena.

Ndipo nikaenda Gerezani kwa mafundi wa bati. Fundi aliupokea mchoro wangu wa vipimo kwa heshima zote, akaukunja, akautia mfukoni, akaanza kukata kwa macho. Kusema haki, kazi yake ilikuwa safi: kona zimenyooka, mpini wa nondo, na mbele pachiko la kufuli ambalo sikuliagiza. Tundu hata moja halikuwepo.

"Fundi, hewa itaingilia wapi?"

"Mzee, ukiacha matundu vumbi litaingia."

Nikamweleza kwamba kadi peke yake inaweza kula wati 300, na hizo zote zinageuka joto. Akawaza sana.

"Basi uwe unafungua mfuniko."

Kulibeba kulihitaji watu wawili. Leo Mama Salma anawekea vitenge vyake humo, na kufuli ameshanunua.

Mwishowe nikachukua Cooler Master NR200 iliyokwishatumika: lita 18, kadi hadi milimita 330, na hewa inapita. Wenye lita 10 watacheka, nao wanasafiri kwa magari yao. Ila sijaona tangazo linalohesabu lita za skrini, kibodi, kipanya, ekstensheni na ile stabilaiza isiyonyanyulika bila kupiga bismillahi. Ningekuwa mimi mtengenezaji, ningepima makasha kwa mapaja: kasha la paja moja, la mapaja mawili, na la mapaja ya jirani.

NR200, pamoja na msafara wake, ni la mapaja ya jirani. Ndani ya daladala konda aliniangalia mara moja tu, akasema, "Mzee, hiyo sipiyu inalipa nauli." Nikalipa. Mama mmoja wa makamo, ambaye kona ya kasha ilikuwa imemkalia gotini, akalipapasa.

"Kompyuta hii, baba?"

"Ndiyo, mama. Samahani kwa goti."

"Ya ofisini?"

"Ya gemu," nikasema kwa sauti ya chini.

"Ahaa, ya mtoto!" Uso ukamchangamka, goti likasahaulika. "Umefanya la maana. Watoto wa siku hizi bila kompyuta wanaachwa nyuma. Ana miaka mingapi?"

Konda naye akageuka kusikiliza.

"Arobaini na mbili," nikajibu, nikashuka kituo kisicho changu.