Sifa za Pointi ya Mtandaoni

Watu husifu kisu cha mpasuaji, taa ya thieta na mkono usiotetemeka. Pointi ya mafunzo endelevu ya mtandaoni haina wa kuisifu. Hutajwa kwa mguno tu, pale leseni inapotakiwa kuhuishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika linapotaka kuona kwamba daktari bado anasoma. Dhuluma hii imetosha. Pointi hiyo, pamoja na maswali yake ya kuchagua A hadi D, ndiyo mwalimu anayemfaa mpasuaji kuliko wote, maana kwake anakosea bila mtu kuvuja damu. Ndani ya thieta yeye ndiye mkubwa, na muuguzi aliyeona kosa hupima mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Kompyuta haijui mkubwa. Inamwandikia kwa rangi nyekundu kwamba jibu si sahihi, kisha inamrudisha mwanzo wa somo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Chukua mpasuaji wa Kyela. Pointi za semina ziko Mbeya: apande milima ya Tukuyu, zaidi ya kilomita 100, aketi ukumbini, anywe chai ya saa nne, apige picha ya pamoja na kusaini karatasi ya posho. Siku hizohizo mama mwenye uchungu pingamizi analetwa kutoka Ipinda katikati ya masika, na anayeweza kumpasua yuko kwenye kazi za vikundi. Pointi ya mtandaoni haina chai wala posho, na bando analipa mwenyewe. Anayeihangaikia usiku amesukumwa na kiu ya elimu tu, ukiacha leseni.

Watasema ni mchezo wa kuweka tiki. Lakini tiki si ya kudharauliwa. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, lililofanyika katika hospitali za miji 8, zikiwemo za London, Seattle na yetu ya Ifakara. Orodha iliuliza mambo yanayoonekana ya kitoto: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vifaa vimehesabiwa? Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kweli, jimbo la Ontario, Kanada, lilipoieneza katika hospitali 101, utafiti wa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana. Basi tiki haina uganga: inamfaa anayeiweka akiwa amesoma swali. Daktari anayebofya “endelea” huku akitazama mpira atapata cheti kama mwenzake, lakini hata kwenye semina walikuwepo waliosinzia, tena kwa posho.

Watasema pia kwamba masomo mengine ni ya roboti za upasuaji, huku msomaji akihofia mafuta ya jenereta. Hata hapo kuna faida: anayejua kilichopo duniani na kisichopo thieta kwake ana hoja ya kupeleka kwenye bajeti ya halmashauri. Na mwenye kinyongo zaidi adai masomo ya ngiri na ya utumbo uliotobolewa na taifodi, badala ya kudai pointi zifutwe. Kwamba skrini haifundishi mikono ni kweli tupu. Ndiyo maana Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, huwafunza wanafunzi wake ndani ya hospitali. Pointi haijawahi kujidai kushona jeraha. Inajidai jambo moja tu, nalo ndilo linaloudhi: kwamba shahada iliyotundikwa ukutani haitoshi. Shahada haiishi muda wake hata mwenyewe akisahau yote aliyosomea. Pointi huisha, na mzunguko ukifika humdai daktari upya, awe bingwa au awe bosi.