Orijino ya Diani

Kuna bwana huko Diani anauza Peugeot 404, “orijino kabisa, kama ilivyotoka kiwandani”. Bei yake yashindana na ploti ya Msambweni, eti kwa sababu modeli hiyo ilishinda Safari Rally mara nne, kati ya 1963 na 1968. Haya. Ila injini ni ya Toyota, viti vimeshonwa Ukunda, na sakafu iliyoliwa na chumvi ya bahari imezibwa bati, ikapakwa puti, ikapigwa rangi inayong’aa kuliko kioo. Wanunuzi wa magari ya kale hulipia injini iliyozaliwa na gari lake. Hata rangi iliyochujuka huiheshimu. Kwa huyu, orijino iliyosalia ni logbuku. Basi atuuzie hiyo. Gari abaki nalo.