Mwacheni Paka Uvunguni

Nyie watu, haraka ya nini? Paka kashushwa kwenye bajaji sasa hivi, katoka kwa daktari wa mifugo, hata hajatulia, tayari mwenye nyumba kainama na ufagio anamtoa uvunguni majirani wamwone mshono. Mfyuu! Wamwone ili iweje?

Nitilie kahawa, kaka, niseme. Kumpeleka paka chanjo ya kichaa cha mbwa ni jambo jema, na kumfunga kizazi ni jema zaidi, maana vitoto vya paka vinavyotupwa jalalani tumechoka kuviona. Ugomvi wangu ni huko kurudi nyumbani. Mnyama kasukumwa ndani ya kiroba, kasikia mbwa wakibweka, kabanwa mezani na watu asiowajua, kachomwa sindano. Kwa paka, kujificha ndiko kupumzika. Mwekeeni maji na beseni la mchanga humo chumbani, watoto watoke, mlango urudishwe. Akiwa tayari atatoka mwenyewe, na utamwona anasugua shavu kwenye mguu wa kiti, kwenye mlango, kwenye nguo yako. Mashavuni ana vitezi vya harufu, hapo anaipaka nyumba harufu yake aione tena ni kwake. Kwa hiyo siku hiyo msipige deki kwa dawa kali, na kile kitambaa anacholalia msikifue.

Wenye paka wawili ndio wananitia uchungu hasa. Yule aliyebaki anamwona mwenzake, wamezaliwa tumbo moja, wanalala pamoja kila siku, mara anasimamisha manyoya, anampulizia, anamrukia kwa kucha. Basi anashushiwa kandambili: "Hata ndugu yako humjui?" Jamani! Paka humtambua mwenzake kwa pua. Aliyerudi ananuka spiriti na dawa na wanyama wengine, kwa hiyo kwa pua ya huyu wa nyumbani kaingia mgeni. Ukimpiga, unamfundisha kwamba mgeni huyu kaja na kipigo, na hapo uadui unaweza kudumu. Watenge vyumba. Chukua kitambaa, mpanguse wa nyumbani mashavuni, kisha kitambaa hicho hicho umpanguse mgonjwa mgongoni, mbali na kidonda. Uwalishe mmoja huku, mmoja kule, mlango katikati. Wengine hupatana jioni hiyo hiyo, wengine huchukua siku kadhaa. Vumilia.

Aliyepigwa nusukaputi atayumba na mboni zitakuwa zimetanuka, na mwili hupoteza joto. Alale chini juu ya kanga kavu, si kwenye kabati akaanguka. Akishaamka sawasawa mpe samaki kidogo wa kuchemsha, awe vuguvugu, harufu ipande imvute.

Halafu kuna huu usemi wa "akisikia njaa atakula." Usiutumie kwa paka. Paka akigoma kula siku mbili tatu, hasa aliyenenepa, mafuta hujazana kwenye ini na anaweza kufa. Siku nzima ikipita hajagusa kitu, mpigie daktari. Na dada yangu, najua unamhurumia, lakini usimsagie parasetamoli ya maumivu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya maumivu ya paka aitoe daktari wa paka.

Safari ijayo achaneni na kiroba. Tafuteni tenga, likae wazi ndani ya nyumba siku kadhaa kabla, alizoee, alale humo. Njiani lifunikwe kanga asione magari.

La mwisho, na hili wenye madume mlisikie vizuri. Hofu peke yake inaweza kumharibia paka kibofu. Ukimwona dume anaingia kwenye mchanga mara kwa mara, anachuchumaa, analia, na mkojo hautoki, huyo kaziba. Hawezi kungoja asubuhi. Mrudishe kwa daktari usiku huo huo.