Lita elfu moja za kwenye boksi

Boksi la chujio la akwariamu yangu limeandikwa lita 1,000 kwa saa. Herufi kubwa, wino wa bluu, na pembeni picha ya samaki anayecheka. Mimi nakaa Nyegezi, mtaa wenye chuo cha uvuvi. Samaki nawaona kila siku. Hawacheki.

Mkulima wa viazi akishona lumbesa anakamatwa. Mwenye boksi akishona lumbesa ya namba anaongezewa oda.

Nikaamua kupima. Ugomvi ukaanzia kwenye ndoo, maana nayo inaitwa ya lita 20 na sijui nani aliipima. Nikaijaza kwa chupa za maji za lita moja na nusu, chupa kumi, nikachora mstari: lita 15.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba watoto, ziwa lote lile liko hapo chini, wewe unapima maji ya furu watatu?"

Sikumjibu. Hilo halikuwa swali la kitaalamu.

Kazi ipo kwenye mpira wa kutolea maji. Ukiuteremsha hadi sakafuni, mteremko unayavuta maji na chujio linapata sifa isiyo yake. Ukiuinua mno, unalionea. Mdomo wa mpira ukae usawa wa maji ya akwariamu, ndoo iwe chini yake. Katika kazi ya kawaida maji hutoka humo na kurudi humohumo, kwa hiyo mashine haipandishi mlima. Inapigana na msuguano wa mipira, kona na sifongo.

Sekunde 90. Zidisha 15 kwa 3,600, gawanya kwa 90: lita 600. Tenki langu ni la lita 200, yaani maji yanazunguka mara tatu kwa saa, na wafugaji wengi wanataka nne au tano. Nikafungua chujio, tope tupu. Sifongo nikaiosha kwa maji ya tenki lenyewe, maana klorini ya maji ya bomba inaua bakteria wanaomeng'enya uchafu wa samaki. Nikapima tena: sekunde 72, lita 750.

Hizo 250 ziko wapi? Shemeji yangu, fundi pampu, akanieleza bila hata kuweka chai chini: namba ya boksi kwa kawaida ni ya pampu tupu, haina sifongo ndani wala mipira mirefu. Kumbe lita 1,000 zipo, ila kwanza utoe chujio kwenye chujio!

Na hawa furu wamepitia mengi. Sangara alipoingizwa ziwani miaka ya 1950, baadaye aina nyingi za ndugu zao zikatoweka. Waliomshinda sangara sitaki wauawe na boksi.

Ndugu zetu wa Wakala wa Vipimo, mkimaliza mizani ya dagaa pale Mwaloni, piteni na kwenye maduka ya machujio. Ndoo nitawaazima.